Kusoma Kiitaliano kwa Ulimi wa Kiswahili



Juma hili mezani pangu kuna barua ya kijana mmoja wa Malindi. Anasema kazi yake ni kupokea wageni, na kwa kuwa wengi wa wageni wake ni Waitalia, amejinunulia kitabu cha kujifunzia lugha yao. Ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho ulimpa habari njema, kwamba Kiitaliano husomwa kama kinavyoandikwa. Akafurahi, maana Kiswahili nacho ni hivyo hivyo. Lakini kila akitamka neno refu wageni hucheka, na wengine humwomba arudie. Anauliza kosa liko wapi, kwake au kwa kitabu.

Namjibu kwamba kosa kubwa ni la kitabu. Kimesema kweli, lakini nusu. Ni kweli kwamba herufi za Kiitaliano hazidanganyi kama zile za Kiingereza. Ni kweli pia kwamba maneno ya Kiitaliano, kama ya kwetu, karibu yote huishia na irabu, ndiyo maana ulimi wa Mswahili huyapenda tangu siku ya kwanza. Watu wa pwani ya Kenya wamekuwa wakiyasikia kwa miaka mingi, na si kwa watalii peke yao. Mwaka 1967 Waitalia walirusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini, Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, Wamarekani wakarusha kutoka hapo hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Wamisionari wa Consolata nao wapo Kenya tangu 1902. Kwa hiyo lugha hii si ngeni masikioni mwetu. Ugeni wake umejificha mahali pawili: penye kukata neno, na penye kulikazia.

Nianze na kukata. Neno ni kama muwa, lina pingili zake, na kila lugha ina mahali pake pa kupitisha kisu. Chukua neno nyumba. Mtoto wa darasa la pili atalikata nyu-mba. Hatalikata nyum-ba, kwa sababu sauti mb kwetu ni kitu kimoja na haitenganishwi. Ng'ombe ni ng'o-mbe. Sasa mpe mtoto huyo huyo neno la Kiitaliano bambino, yaani mtoto, naye atalikata ba-mbi-no. Mwitalia atashangaa. Kwake herufi m ni ya nyuma na b ni ya mbele: bam-bi-no. Herufi l, m, n na r zikitangulia konsonanti nyingine hubaki na silabi iliyopita: tem-po, can-to, par-te. Lakini konsonanti ikifuatwa na r au l, kama katika libro na madre, hizo mara nyingi huenda pamoja: li-bro, ma-dre.

Konsonanti pacha ndizo zinazowatesa wengi. Mpira ni palla, wenye l mbili, nao hukatwa katikati, pal-la: l moja hufunga silabi ya kwanza na ya pili hufungua inayofuata. Hilo si jambo la kuandika tu. Ni lazima ulimi ukae kidogo pale juu kabla ya kuachia. Usipokaa umesema pala, na pala ni koleo la kuchotea mchanga. Nonno ni babu, nono ni wa tisa. Sette ni saba, sete ni kiu. Cappello ni kofia, capello ni unywele mmoja. Na yule kocha Fabio Capello, aliyeiongoza Milan kuifunga Barcelona mabao manne kwa sifuri mjini Athens mwaka 1994, jina lake lina p moja, kwa hiyo ni Bwana Unywele wala si Bwana Kofia. Liko pia neno la mwaka, anno, ambalo ukilipunguzia n moja linakuwa kiungo cha mwili ambacho hatukitaji hewani. Nawaonya tu wale wanaopenda kuwatajia wageni umri wao.

Herufi s nayo ina tabia yake. Ikifuatwa na konsonanti nyingine, sheria ya shule za Italia inasema iende mbele: pa-sta, fi-ne-stra. Wataalamu wa sauti wanabishana, wengine wakisema sikio linaisikia s hiyo imekaa na silabi ya nyuma. Waache wabishane. Anayeandika na kufika mwisho wa mstari akate pa-sta, maana ndivyo shirika la viwango la Italia lilivyoandika mwaka 1969. Wenzetu wana kanuni ya taifa ya kukata maneno mwisho wa mstari, nasi tumekwisha kusoma magazeti ambamo kompyuta iliyofundishwa Kiingereza inalikata neno serikali ikaacha ser- mstari wa juu na ikali mstari wa chini!

Sasa twende kwa Roberto Baggio. Wapenzi wa kandanda mnakumbuka tarehe 17 Julai 1994, Pasadena, Marekani, alipopaisha penalti na Brazil wakachukua Kombe la Dunia. Siku hiyo, na miaka mingi baadaye, tulimwita Ba-JI-o. (Wanaosoma mazungumzo haya gazetini wataona silabi yenye mkazo imepigwa kwa herufi kubwa.) Kwetu ni sawa kabisa: kila irabu ni silabi yake, kiatu ni ki-A-tu, maua ni ma-U-a, basi Bajio ni silabi tatu. Kumbe kwa Mwitalia Baggio ni silabi mbili tu, BAG-gio, inayotamkwa kama bajjo. Ile i haisemwi. Imewekwa pale kuiambia g isomwe kama j yetu, basi, kazi yake imekwisha. Ni kama kile kikoma chetu cha juu katika ng'ombe, ambacho nacho si sauti bali ni alama tu. Kwa hiyo Giovanni ni Gio-VAN-ni, silabi tatu. Giorgio ni GIOR-gio, mbili. Hata Profesa Luigi Broglio, baba wa ule mradi wa San Marco, jina lake la ukoo ni silabi mbili, BRO-glio, ingawa macho yetu yanataka kuhesabu tatu. Lakini Luigi ni tatu kamili: Lu-I-gi.

Msikilizaji makini atauliza: je, nitajuaje i ipi inasemwa na ipi imewekwa kama alama tu? Hapo ndipo maandishi yanapomwacha mkono msomaji. Duka la dawa ni farmacia, Ufaransa ni Francia. Mwisho wa maneno hayo umeandikwa sawa, c-i-a. Lakini la kwanza ni far-ma-CI-a, i inasemwa tena ndiyo yenye mkazo. La pili ni FRAN-cia, silabi mbili, na i imekufa. Maria ni Ma-RI-a, kama kwetu. Mario ni MA-rio. Ukitaka kukata sawasawa ni lazima kwanza ujue mkazo uko wapi, na mkazo haukuandikwa.

Tunafika kwenye kiini cha barua. Kiswahili kina neema moja ambayo hatuishukuru, kwa kuwa tumezaliwa nayo. Mkazo wetu u mahali pamoja, silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo nao unasogea. NYU-mba, nyu-MBA-ni. Ta-ZA-ma, ta-za-ME-ni. Yako maneno machache yanayokataa, kama barabara: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Walakini nalo ni hivyo: ukikazia la ni hata hivyo, ukikazia ki ni kasoro. Lakini hayo yanahesabika kwa vidole.

Maneno mengi ya Kiitaliano yana mkazo hapo hapo penye wetu. Mi-LA-no, To-RI-no, Pa-LER-mo, Mal-DI-ni. Na huo ndio mtego, maana mtu akipata kumi mfululizo anadhani amekwisha kuijua lugha. Kisha anakutana na Napoli, naye anasema Na-PO-li. Hapana: ni NA-po-li. Genova ni GE-no-va. Modena ni MO-de-na, Bergamo ni BER-ga-mo, Taranto ni TA-ran-to, na Cagliari, kule kisiwani Sardinia, ni CA-glia-ri. Hata bara letu wenyewe, ambalo kwetu ni A-FRI-ka, kwao ni A-fri-ca, mkazo juu ya ile a ya kwanza. Maneno ya namna hii Waitalia huyaita ya kuteleza, nami naona jina limefaa, maana mtu akikwisha kukanyaga silabi ya mkazo zinazobaki humpita kama aliyekanyaga ganda la ndizi.

Mahali pamoja tu wameamua kumhurumia msomaji. Neno lenye silabi zaidi ya moja likiwa na mkazo kwenye irabu ya mwisho kabisa, lazima irabu hiyo itiwe alama: città ni mji, perché ni kwa nini, università ni chuo kikuu. Atakayesoma u-ni-ve-RSI-ta ameidharau alama iliyowekwa kwa ajili yake. Na hapa namkumbuka marehemu Salvatore Schillaci, aliyefariki mwaka 2024, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1990 kwa mabao yake sita. Jina lake la utani lilikuwa Totò, lenye alama juu ya o ya mwisho: to-TÒ. Sisi tukamwita Toto, tena kwa furaha, kwa kuwa tuliona wametuazima neno. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Si toto hata kidogo.

Je, ukikosea kuna hasara gani? Wakati mwingine hakuna. Wakati mwingine unasema jambo jingine kabisa. AN-co-ra ni nanga, an-CO-ra ni tena, na maandishi ni yale yale. Mwulize mgeni kama atapenda kahawa tena, ukikosea mkazo umemtilia nanga kikombeni. PRIN-ci-pi ni wana wa wafalme, prin-CI-pi ni kanuni. PA-pa ni Baba Mtakatifu wa Roma, pa-PÀ ni baba yako mzazi, na papa wa baharini ana jina lake jingine. Liko hata neno lenye sura tatu: CA-pi-to, natokea kwa bahati, ca-PI-to, imeeleweka, ca-pi-TÒ, ilitokea. Hilo la mwisho lina alama, lakini mawili ya mwanzo yameachwa uchi, na msomaji aamue kwa maana ya sentensi.

Kijana wetu alilalamikia hasa maneno marefu. Nitamshangaza: marefu ndiyo rahisi kuliko mafupi! Neno fupi kama Napoli halina dalili yoyote, huna budi kulikariri. Neno refu huwa limebeba mkia, na mkia ndio unaokuambia mkazo uko wapi. Ukiona -mente mwishoni, mkazo uko kwenye men. Ukiona -zione, uko kwenye o: na-ZIO-ne, taifa, silabi tatu. Ukiona -issimo, uko kwenye is. Ukiona -abile au -ibile, rudi silabi ya tatu kutoka mwisho: pos-SI-bi-le. Majina ya wataalamu na vipimo yaliyotoka Kigiriki nayo huteleza: psi-CO-lo-go, ter-MO-me-tro, chi-LO-me-tro. Mtu akishika mikia kama kumi hivi, atasoma nusu ya gazeti la Kiitaliano bila kuchekwa.

Waitalia wana neno moja la kujitapia, lenye herufi 26, precipitevolissimevolmente, maana yake kwa haraka ya kupindukia, kichwakichwa. Usiliogope. Tafuta mkia wake, -mente, uweke mkazo wako kwenye men, kisha rudi mwanzo ukate pingili moja moja: pre-ci-pi-te-vo-lis-si-me-vol-MEN-te. Silabi kumi na moja. Washairi wanaonisikiliza watavutiwa kujua kwamba kumi na moja ndiyo mizani ya mshororo mkuu wa Kiitaliano, ule aliotumia Dante katika Divina Commedia, mishororo 14,233 yote kwa kipimo hicho. Lakini hesabu yao si kama yetu. Sisi katika shairi tunahesabu mizani nane na nane, kila silabi ina thamani moja, mwisho wa habari. Wao wanachokidai hasa ni kwamba mkazo wa mwisho uangukie silabi ya kumi. Mshororo ukiishia na neno la kuteleza unaweza kuwa na silabi kumi na mbili, ukiishia na neno kama città ukawa na kumi tu, na bado ukahesabiwa mzima. Malenga wetu wakiambiwa hivyo watasema huo ni udanganyifu. Mimi nasema ni mizani ya lugha ambayo mkazo wake unatembea.

Liko jambo moja ambalo hata wanaojua mikia hulikosea. Ni vitenzi. Napiga simu ni te-LE-fo-no. Wanapiga simu ni te-LE-fo-na-no. Neno limeongezeka silabi mwishoni, lakini mkazo umebaki kwenye le, sasa ni silabi ya nne kutoka mwisho. Na ukitaka kumwambia mtu nitengenezee hicho, wanagandisha vijineno viwili mwishoni mwa kitenzi, wakasema FAB-bri-ca-me-lo, mkazo ukiwa silabi ya tano kutoka mwisho! Mswahili akilisoma atasema fab-bri-ca-ME-lo, na hilo ndilo kosa ambalo wageni wa Malindi humcheka mwenzetu. Mkazo wetu ni kama mlinzi wa mlango wa nyuma: nyumba ikiongezwa chumba, mlinzi anahama na mlango. Kwa Mwitalia, vijineno vya kugandishwa viwe viwili au vitatu, mkazo haushtuki. Umelala chumbani mwake. Kwa hiyo kitenzi kisomwe kwanza kikiwa peke yake, fabbrica, mkazo ushikwe hapo, ndipo viongezwe vya kuongezwa.

Nina neno kwa wenzangu tunaokaa mbele ya kipaza sauti. Mwalimu Nyerere alipotajwa na watangazaji wa nje wakamkata Ni-ye-re-re, tulikunja uso, na tulikuwa na haki, kwa sababu jina la mtu ni heshima yake. Basi haki hiyo inakwenda pande zote mbili. Kocha wa Italia katika Kombe la Dunia la 1998 alikuwa CE-sa-re Maldini, lakini mara ngapi amesomwa Ce-SA-re? Stefano ni STE-fa-no, Davide ni DA-vi-de, Monica ni MO-ni-ca. Kamusi za Kiitaliano huonyesha mkazo wa neno, na pasipo na kamusi, mwulize mwenye jina. Hakuna mtu anayekasirika kuulizwa jina lake linatamkwaje.

Hata hivyo sisemi tugeuze Kiswahili chetu. Italia, tukiwa tunasema Kiswahili, ni I-ta-LI-a, nayo ibaki hivyo, ingawa wenyewe husema I-TA-lia. Neno likishaingia nyumbani kwetu hufuata desturi za nyumba. Wao nao hufanya hivyo hivyo kwa majina yetu: utasikia Waitalia wakisema Tan-ZA-nia, na wengine wakisema Tan-za-NI-a kama sisi, na hawajagombana.

Tena msidhani wenye lugha hawakosei. Kwa kuwa mkazo haukuandikwa, Waitalia waliosoma nao hujikwaa. Neno la mambo ya ujenzi, edile, ni e-DI-le, lakini wako wengi wanaosema E-di-le. Na safu ya gazeti kama hii, inayotoka kila juma, wao huiita rubrica. Kamusi zao zinasema ru-BRI-ca. Nenda Italia utawasikia baadhi yao wakisema RU-bri-ca, wakidhani ni neno la kuteleza. Msemaji wa Kiswahili akilisoma kwa mazoea yake tu, bila kamusi na bila kufikiri, atalipata sawa.